Komyuniti ya Kitopeni

Ipo nchi moja, na hadi leo bado ipo, ambayo jina lake halitatajwa hapa kwa kuwa lilipelekwa kukarabatiwa na mkandarasi hajalirudisha. Katika nchi hiyo kuna kijiji kiitwacho Kitopeni, na Kitopeni aliishi mwanamke mmoja, Bi Mashavu, ambaye hakuwa na ugomvi na kiumbe yeyote isipokuwa lambo.

Lambo lenyewe lilikuwa dimbwi pana la maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe walikunywa humo, wakaoga humo, wakafanya na mengine humo, kisha watu wa Kitopeni wakachota wakaenda kupikia. Mjukuu wa kwanza wa Bi Mashavu alikunywa maji hayo, akaharisha, akazikwa kiangazi kilichopita. Wa pili alikuwa ameanza kushika tumbo. Bi Mashavu alitembea na hasira iliyomkaa kooni asubuhi mpaka jioni, na dawa ya hasira hiyo aliijua vizuri: kisima kirefu chenye pampu ya mkono. Hakutaka kingine.

Kumbe pampu ilikuwapo. Wahisani wa ng'ambo walikuwa wameitoa, mpya kabisa, ya rangi ya buluu, na serikali ikaipokea kwa gwaride na mizinga. Kikwazo kilikuwa kidogo tu. Wahisani walisema pampu ni ya komyuniti, na serikali haikuwa na hakika kama nchi ina kitu hicho.

Neno lilipofika nchini lilipewa chumba cha wageni mashuhuri. Nchi ile ilikuwa na maneno yake ya siku zote: watu, wananchi, wanakijiji, majirani, ukoo, jamii. Baraza la Mawaziri liliyapima moja baada ya jingine, likaona yote yana kasoro ileile, kwamba yanaeleweka. Tena hilo la "wananchi" lilikuwa na tabia mbaya ya kuwakumbusha watu kuwa nchi ni yao. Komyuniti halikuwa na utovu huo wa adabu. Lilikuwa neno linalokaa pale unapoliweka.

Ikaundwa tume ya kwenda ng'ambo kuitazama komyuniti kwa macho. Ilikaa huko muda wa kutosha, ikarudi na masanduku mengi na maelezo machache. Tume iligundua kwamba mtu mwenye kiyoyozi haitwi komyuniti mahali popote duniani. Mtaa wanapoishi mawaziri ulipopimwa kwa kipimo hicho, ikaonekana kule hakuna komyuniti hata ya dawa, kuna wakazi. Matajiri walikutwa kuwa ni sekta. Maofisa walikutwa kuwa ni wadau. Kilichobaki chini, pamoja na ng'ombe wake, ndicho kingeweza kuwa komyuniti, mradi kihakikiwe kwanza.

*

Kitopeni ikaletewa mhakiki. Aliitwa Bwana Haruna Kilindo, Ofisa Mwandamizi wa Kuibua Komyuniti, na alishuka kwenye gari refu akiwa na katoni mbili za maji ya chupa, zote zake. Akawaketisha wanakijiji chini kwa duara, kwa sababu tume ilikuwa imeripoti kwamba komyuniti hukaa chini kwa duara. Yeye akaletewa kiti.

"Ndugu zangu," alisema, "serikali yenu sikivu imenituma nije nione kama nyinyi ni komyuniti au ni watu tu. Msiwe na wasiwasi. Jibuni kwa uhuru, mradi mjibu vizuri. Shida yenu ni nini?"

"Maji," akasema Bi Mashavu.

Kilindo akatikisa kichwa kwa huruma. "Hapana, mama. Hilo ni jibu la haraka mno. Komyuniti haiijui shida yake mpaka iwezeshwe kuitambua. Kuna warsha zake."

"Sisi tumeshaitambua, mwanangu. Iko pale, na ng'ombe wameingia ndani."

Watu wakacheka. Kilindo hakupenda, kwa kuwa komyuniti inaruhusiwa kuimba na kupiga makofi, lakini kucheka hakukutajwa popote. Akakohoa, akauliza kama wako tayari kuupokea mradi kwa mikono miwili.

Hapo akanyanyuka Mzee Libaba, fundi baiskeli wa kijiji, mtu asiyeweza kukaa kimya hata matangani. "Tuupokee, sawa. Lakini ufunguo wa pampu atashika nani? Maana mwenyekiti wetu huyu alishika ufunguo wa shule, na leo mabati ya shule yanalala juu ya banda lake la kuku."

Mwenyekiti akasema ni uongo, yale ni mabati mengine. Shemeji yake akasema si mengine. Mama mmoja akasema ufunguo wapewe wanawake, kwani wao ndio wanaochota, na nusu ya duara ikamuunga mkono na nusu ikampigia kelele. Lilikuwa zogo zuri la kawaida, la aina ambayo Kitopeni hulifanya kila linapokuja jambo la maana, na kwa desturi huisha kwa makubaliano yanayoshikwa miaka mingi. Kilindo hakungoja mwisho. Alikuwa ameshika mlango wa gari.

"Komyuniti ina sauti moja," alisema kwa masikitiko. "Nyinyi kila mtu ana yake. Mnaona, mnajua, mnabishana. Samahani sana, nyinyi bado ni watu."

Akampa Bi Mashavu chupa yake tupu awe anawekea mafuta ya taa, akaondoka.

*

Bi Mashavu alizingojea warsha. Hazikuja. Mjukuu aliendelea kukonda, macho yakawa makubwa kuliko uso, na bibi yake akaona akizidi kungoja atakuja kuchimba kaburi jingine badala ya kisima. Akafunga nguo zake kwenye kanga, akapanda lori la mkaa, akaenda mji mkuu.

Pale Wizara ya Maendeleo na Mambo Yanayofanana Nayo alimkuta msichana wa mapokezi akijipaka rangi ya kucha.

"Umekuja kama nani, mama?"

"Kama Mashavu. Wa Kitopeni."

"Yaani umekuja kama mtu mmoja?"

"Ndivyo nilivyozaliwa, mwanangu."

Msichana akamwonea huruma ya kweli, kwani hakuwa na roho mbaya. "Basi pole. Wizara hii haihudumii watu, inahudumia komyuniti. Lakini kama unataka kuiona, ipo Hoteli ya Mnara, uani, nyuma ya bwawa la kuogelea. Wahi, maana mchana inakwenda kula."

Bi Mashavu akashangaa komyuniti inafanya nini hotelini. Maelezo yalikuwa rahisi, na yeyote mjini angempa. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Mbwembwe, alikuwa ameona kwamba kila wahisani wanapotaka kuzungumza na komyuniti, inabidi wapelekwe mbali, barabara mbovu, migongo inauma, na wakifika wanakuta watu. Kwa hiyo, katika kubana matumizi, Waziri akaanzisha Komyuniti ya Kudumu. Waliajiriwa wanaume na wanawake wenye sura zinazofaa, wakajengewa mti wa saruji ambao hakuna aliyejua ni mti gani, wakawekwa chini yake wakae kwa duara. Mradi wowote wa kijiji chochote ukifika, wao huulizwa, wao hukubali. Nguo zao zilikuwa zimechakazwa vizuri kwa mashine ya hoteli, na kila asubuhi kijana wa usafi aliwapaka vumbi miguuni.

Bi Mashavu alipokelewa na kiongozi wao, Bwana Songoro, mwanamume mrefu mwenye sauti tamu, aliyekuwa zamani mshereheshaji wa harusi. Songoro alimtazama kuanzia kichwani, akafika kwenye nyayo, akapiga mluzi wa pongezi.

"Shangazi, nyufa hizo za kisigino ni zako mwenyewe?"

"Za kwangu. Kwani kuna za kuazima?"

"Hapa zipo. Sisi tunapakwa. Wewe umeletwa kwenye nafasi ya bibi? Bibi tuliyekuwa naye kanenepa, wahisani wakalalamika."

"Mimi natoka Kitopeni, nimefuata pampu."

Songoro akacheka kwa upole. "Kitopeni ni mimi, shangazi. Nimekuwa Kitopeni tangu asubuhi, mpaka saa sita. Baada ya chakula nakuwa Mabondeni, nina mafuriko." Akanyoosha mkono kuonyesha upande wa bustani. "Na pampu tumeshapewa. Ile pale."

Bi Mashavu akageuka, akaiona. Ilikuwa ya buluu kweli, imesimama katikati ya majani mabichi, imebandikwa kibao cha shaba kilichosema MRADI WA MAJI WA KOMYUNITI YA KITOPENI. Mtunza bustani alikuwa akiusukuma mpini polepole huku akivuta sigara, na maji yalitoka meupe, mazuri, yanakwenda kwenye maua. Bi Mashavu aliyatazama yale maua, mekundu na manono, akamkumbuka mjukuu wake wa kwanza alivyolala mkekani siku ya mwisho akiomba maji, nao wakimpa yaleyale yaliyokuwa yanamuua. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Kaa hapa nasi," Songoro akamwambia, na sasa hakuwa akitania. "Kuna wali kila siku. Kazi yenyewe ni kukubali tu."

*

Hakupata nafasi ya kujibu, kwani Waziri aliingia na wahisani wake, kamera mbele, Kilindo nyuma akibeba mwavuli. Komyuniti ikakaa haraka, ikaimba. Songoro akamvuta Bi Mashavu chini ili asiharibu duara.

"Wahisani wapendwa," alisema Mheshimiwa Mbwembwe, akiweka mkono kifuani, "mbele yenu ni komyuniti. Itazameni. Ilikuwa haina maji, sasa inayo. Ilikuwa haina sauti, sasa sauti yake ni mimi. Zamani ilikuwa haijui kitu peke yake, leo haijui kitu kwa njia shirikishi. Nani kama sisi?"

"Hakuna," ikajibu Komyuniti ya Kudumu, kwa sauti moja.

"Naomba kusema," akasema Bi Mashavu, akisimama. "Mimi natoka Kitopeni. Kitopeni hatuna maji. Tunakunywa na ng'ombe, na watoto wetu wanakufa. Hawa hapa siwajui hata mmoja. Wanaimba vizuri, siwaonei wivu, lakini siwajui."

Mkalimani wa wahisani akaona aibu, akatafsiri. Wahisani wakauliza kwa upole mama huyu ni nani. Kilindo, aliyekwisha kumtambua, akamnong'oneza Waziri sikioni.

"Ni mtu binafsi," Waziri akawajibu.

Wahisani wakaguna kwa huruma nyingi. Fungu la watu binafsi hawakuwa nalo. Wakampiga picha, wakaendelea na chai.

Waziri akamwita Bi Mashavu kando na kumwambia kwa ile sauti ya baba anayosema nayo redioni, "Mama yangu, maneno ya mtu mmoja ni malalamiko. Ukitaka usikilizwe, njoo na wenzako." Alisema hivyo kwa amani kabisa, kwa kuwa Kitopeni ni mbali na nauli ni ghali.

*

Bi Mashavu alirudi na lori la mkaa. Wanakijiji wakamzunguka, Mzee Libaba akiwa na maswali yake tayari, lakini hayakuhitajika. Alisema maneno machache tu. "Pampu yetu nimeiona. Inamwagilia maua. Waziri kasema twende wote."

Safari hii hakukuwa na ubishi, na jambo hilo halijawahi kutokea Kitopeni kabla wala baada. Hata mwenyekiti alikuja. Walipanda malori ya mkaa, ya mbao, ya ng'ombe, wengine wakatembea. Hakuna aliyechukua jiwe wala fimbo. Kila mtu alichukua ndoo, kwa sababu anayekwenda kwenye pampu huchukua ndoo.

Walipotokea kwenye lango la Hoteli ya Mnara, wakijaza barabara kutoka upande hadi upande, Komyuniti ya Kudumu ilikuwa chini ya mti wake ikiwa kijiji chenye nzige. Songoro aliwachungulia kupitia ua. Aliziona nyayo zile, vumbi lile, kanga zile zilizochakazwa na jua lenyewe, akapata hofu ya fundi aliyeingiliwa kazi yake.

"Jamani," aliwaambia wenzake, "hawa wanafanya bure."

Mlinzi wa lango akamwita meneja, meneja akampigia Waziri, Waziri akampigia Kamanda Tindwa wa kikosi cha kutuliza ghasia, na Kamanda akaja na lile gari lake kubwa la maji ya kuwasha, lenye mdomo juu kama wa bomba la zimamoto. Lakini Kamanda Tindwa alikuwa mtu wa sheria. Sheria ya Kulinda Komyuniti ilikataza kabisa kuigusa komyuniti hata kwa ukucha, kwa kuwa wizara nzima ilikuwa ikila kupitia mgongo wake.

"Mheshimiwa," alimuuliza Waziri, aliyekuwa ameshafika na Kilindo wake, "hawa ni nini? Nikikosea jina nashtakiwa."

Waziri akamtazama Kilindo. Kilindo akaifungua ripoti ya tume, akalamba kidole, akapekua.

"Komyuniti hukaa," alisoma. "Komyuniti huletewa. Komyuniti hufuatwa ilipo na kuulizwa inachotaka. Ikishasimama ikajiendea yenyewe, na hasa ikiwa inajua inachotaka..." Akageuza ukurasa, uso ukamng'aa. "Hapo haiitwi tena komyuniti. Kwa Kiingereza chao wenyewe inaitwa mobu."

"Na mobu ina sheria ya kuilinda?" akauliza Kamanda.

"Hakuna. Wahisani hawajawahi kuitolea fedha."

Kamanda akashusha pumzi ya raha, akapanda juu ya gari, akachukua kipaza sauti. "Kwa mamlaka niliyopewa, nawatangazia kwamba kuanzia dakika hii nyinyi ni mobu. Mobu, tawanyikeni."

Watu wa Kitopeni wakatazamana.

"Mobu ndio nini?" Mzee Libaba akauliza.

"Ni sisi sisi," Bi Mashavu akamjibu, "ila tumesimama."

*

Maji yakafunguliwa. Pigo la kwanza lilimbeba Mzee Libaba na kofia yake, likambwaga kwenye mfereji wa barabara. Wanawake wakapiga yowe. Bi Mashavu akafumba macho akingoja ule mwasho unaosimuliwa nchi nzima, unaomfanya mtu mzima avue nguo barabarani. Akangoja. Hakuwashwa.

Ukweli ni kwamba dawa ya kuwasha ilikuwa inanunuliwa kila mwaka na haijawahi kufika ghalani. Ilikuwa imejenga nyumba ya ghorofa upande wa pili wa mji, nzuri sana, yenye roshani. Na kwa kuwa mabomba ya mji yalikuwa makavu tangu uchaguzi, gari lilikuwa limejazwa palepale hotelini, kwenye pampu ya buluu.

Mzee Libaba akainuka mferejini, akajilamba midomo, akatulia kama mtu anayeonja mchuzi. "Jamani," alisema, "ni matamu."

Bi Mashavu hakusubiri aambiwe mara ya pili. Aliitua ndoo yake kichwani, akajikita, akaikinga. Maji yaliigonga karibu imtoke mikononi, lakini mikono iliyochota kwenye matope miaka yote ile haikuachia. Ikajaa. Akasogea pembeni, mwingine akaingia mahali pake, na mwingine nyuma yake. Askari wa juu ya gari alipoona hawakimbii akaongeza nguvu, na alivyozidi kuongeza ndivyo ndoo zilivyozidi kujaa haraka. Muda si muda mobu ilikuwa imejipanga foleni, wajawazito mbele, wazee wakifuata, na Mzee Libaba, amelowa chapachapa, akimgombeza mwenyekiti kwa kutaka kupenya.

Kamanda aliwapungia mkono watawanyike. Nao wakampungia.

Tangi lilipokauka hakukuwa na ndoo iliyobaki tupu. Waziri, ambaye kamera zilikuwa zimemkuta palepale na hazikutaka kuondoka, alitafakari kidogo tu, kwani hakupewa udaktari wa heshima bure. Akatengeneza tai, akatangaza kwamba wizara yake imewafikishia walengwa maji moja kwa moja, kwa kasi kubwa, bila urasimu. Jioni ile redio ilisema hivyohivyo, kisha ikapiga wimbo.

Kamanda Tindwa alibaki akikunja mipira ya gari, amechoka, hana hakika kama ameshinda au ameshindwa. Bi Mashavu akamwendea, nguo zikimchuruzika, ndoo kichwani haitikisiki.

"Shikamoo, mama," Kamanda akasema, maana alilelewa vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Hili gari lenu linafika na vijijini?"

"Linafika popote. Hata kusiwe na barabara. Liliundwa kwa vita."

"Hata Kitopeni?"

"Amri ni kwamba palipo na mobu, hapo tunafika siku hiyohiyo. Hata mara ngapi."

Bi Mashavu akamshukuru. Akawageukia watu wake, waliokuwa wamesimama na ndoo zao vichwani wakimsubiri.

"Mmemsikia kijana," aliwaambia. "Haya, twendeni nyumbani. Tukakasirikie huko."